Udongo wa Vihiga, mwale wa infraredi na kanuni ya Bayes: mwongozo wa kupima gibsaiti

Mkulima wa Vihiga au Siaya anapotia mbolea ya fosforasi ya DAP kwenye mashimo, kisha mahindi yakatoka na majani ya zambarau, mara nyingi fosforasi imo shambani ila imeshikwa. Udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya una oksaidi nyingi za chuma na za aluminiamu, nazo hunasa fosfeti kabla mizizi haijaifikia. Gibsaiti, ambayo ni haidroksaidi ya aluminiamu, ni mmoja wa wanasaji hao. Ndiyo maana kujua kiasi chake kuna uzito kwa yeyote anayewashauri wakulima kuhusu mbolea, chokaa ya Koru au fosfeti ya Minjingu.

Mwongozo huu nimemwandikia mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara, awe Maseno, Kakamega, Njoro au Kisumu mjini, aliye na mashine ya FTIR (inayopima mwale wa infraredi kwa hesabu ya Fourier) mezani na laptopu ya kawaida mkononi. Nitafuata sampuli ya aina moja tu, mfinyanzi (chembe zisizozidi mikromita 2) uliotolewa kwenye udongo mwekundu, kwa sababu njia hii hueleweka vizuri zaidi ukiifuata ndani ya tatizo moja. Msimamo wangu ni huu: namba ya gibsaiti isiyo na upana wa shaka yake bado si kipimo, na upana huo haupatikani kwa haki mpaka uandike jinsi data ilivyozaliwa ndani ya mashine.

Hatua ya 1: Andika swali kwa namba

Kabla ya kuwasha chochote, andika kwenye daftari: "Natafuta g, miligramu za gibsaiti zilizomo ndani ya kidonge changu." Kidonge ni mfinyanzi uliosagwa na potasiamu bromaidi kisha ukakandamizwa (hatua ya 3). Kisha andika vyote visivyokuhusu ambavyo vitaingia tu upende usipende: k, miligramu za kaolinaiti (madini mengine ya mfinyanzi), mvuke wa maji uliomo hewani ndani ya mashine, maji yaliyonyonywa na kidonge, mteremko wa mstari wa msingi unaoletwa na chembe kutawanya mwanga. Katika njia ya Bayes, inayounganisha unachojua awali na data (hatua ya 6), hivi vyote ni parameta, yaani namba zisizojulikana, kama g. Tofauti ni kwamba mwishoni utavijumlisha na kuviacha nyuma, huku shaka yake ikibaki ndani ya jibu la g.

Ugumu wa swali hili uko mahali pamoja. Kaolinaiti ina vilele vinne vya haidroksili: 3695, 3669, 3652 na 3620 cm⁻¹ (idadi ya mawimbi ndani ya sentimita moja). Gibsaiti nayo ina 3620 na 3527, pamoja na vipana zaidi karibu na 3460 na 3395. Angalia 3620: madini yote mawili yamekaa kiti kimoja. Ukipima urefu wa kilele hicho kwa macho, hujui umempima nani. Maji ya kidonge nayo yanatandaza kilima kipana karibu na 3400, na mvuke wa hewani una mistari myembamba mingi kati ya takriban 3500 na 3900. Kisumu, karibu na ziwa, mvuke huo haukosekani.

Hatua ya 2: Ijue data yako

Mashine ya FTIR haipimi spektra, yaani mchoro wa mwanga kwa kila wimbi. Inapima interferogramu. Mwale wa infraredi hugawanywa mara mbili. Sehemu moja huenda kwenye kioo kilichosimama, nyingine kwenye kioo kinachotembea, kisha zote hukutana tena, hupita kwenye sampuli na kufika kwenye detekta. Kioo kinapotembea, tofauti ya njia kati ya sehemu hizo mbili huongezeka, na detekta hurekodi mwangaza ukipanda na kushuka. Mawimbi yote yamesikika humo kwa pamoja, kama sauti za soko la Kibuye siku ya Jumapili; hesabu ya Fourier ndiyo humrudishia kila mtu sauti yake. Leza ya heliamu na neoni, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 632.8, huiambia tarakilishi ni wakati gani ichukue kila nukta.

Mambo matatu yanatokana na hapo, na yote matatu yanagusa hesabu yako.

Kwanza ni umbali. Tofauti ya njia ikifika sentimita 0.25, mashine itakupa utenganisho (resolution) wa takriban 4 cm⁻¹. Ukitaka 2 cm⁻¹, umbali lazima uongezeke maradufu. Kwa vilele vya kaolinaiti na gibsaiti 4 inatosha, lakini mimi huchagua 2, kwa sababu mistari ya mvuke ni myembamba na kwenye 2 hujitenga vizuri zaidi na vilele vya madini.

Pili ni ukato. Kioo hakitembei milele, kwa hiyo interferogramu hukatwa ghafla mwishoni, na ukato huo huacha mawimbi madogo pembeni mwa kila kilele chembamba. Bonde la kwanza huzama kiasi cha asilimia 22 ya urefu wa kilele chenyewe. Programu za mashine hulificha kwa kufifisha kingo za interferogramu kabla ya hesabu ya Fourier. Ile inayoitwa Happ-Genzel imeenea sana. Kufifisha huko hupanua vilele na huifanya kelele ya nukta jirani kushikana. Si vibaya, mradi uandike ni kazi gani ya kufifisha iliyotumika na uitumie hiyohiyo ndani ya modeli yako.

Tatu, na hili ndilo linalowaponza wengi, ni sifuri za ziada. Programu nyingi huongeza sifuri mwishoni mwa interferogramu ili spektra ionekane laini. Nukta zinakuwa mara mbili, habari inabaki ileile. Ukizihesabu nukta zote kama mashahidi wanaojitegemea, upana wa shaka yako utapungua kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani utajiona na uhakika wa mara 1.4 kuliko ulio nao. Zima sifuri za ziada, au chukua nukta moja katika kila mbili.

Kwa hiyo weka mashine ihifadhi interferogramu ghafi. Katika programu nyingi chaguo hilo limefichwa ndani ya menyu ya kuhifadhi faili; litafute mpaka ulipate.

Hatua ya 3: Sampuli na kidonge

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa maabara nyingi zina utaratibu wake. Ondoa mboji kwa haidrojeni peroksaidi, tawanya udongo majini, acha chembe kubwa zitue. Chembe ya mikromita 2 huchukua takriban saa 8 kushuka sentimita 10 katika maji ya nyuzi 20. Kwenye maji ya nyuzi 25, ambayo ndiyo ya kawaida Kisumu, ni karibu saa 7. Nyonya sehemu ya juu, osha, kausha. Saga miligramu 1 ya mfinyanzi na miligramu 200 za potasiamu bromaidi iliyokaushwa kwenye oveni, kisha kandamiza kwa presi ya haidroli ndani ya kalibu ya milimita 13.

Tengeneza vidonge vitano vya udongo uleule. Sababu utaiona kwenye hatua ya 9. Tengeneza pia kidonge kitupu cha potasiamu bromaidi, kimoja cha kaolinaiti safi na kimoja cha gibsaiti safi, vyote kwa uzito uliopimwa kwenye mizani ya gramu yenye tarakimu tano au zaidi baada ya nukta. Hivi viwili vya mwisho ndivyo vitakavyogeuza urefu wa vilele kuwa miligramu.

Tahadhari moja: kidonge kilichokandamizwa vizuri kina nyuso mbili zilizolingana, na mwanga hurukaruka baina yake. Kidonge cha takriban nusu milimita huacha mawimbi yanayojirudia kila cm⁻¹ 6 hivi kwenye spektra. Ndani ya interferogramu ghafi mawimbi hayo yote hujikusanya kuwa mlipuko mmoja mdogo, mbali na ule mkubwa wa katikati. Ukiuona, kiinamishe kidonge kidogo kwenye kishikio, upime tena.

Hatua ya 4: Pima kelele, usiikadirie kwa macho

Pima kidonge kitupu mara mbili mfululizo kwa idadi ileile ya skani. Toa spektra moja kutoka kwa nyingine katika sehemu isiyo na vilele, kwa mfano kati ya 2500 na 2600 cm⁻¹, kisha tafuta mkengeuko sanifu wa tofauti hiyo. Ugawe kwa 1.414, hiyo ndiyo σ, kelele ya kipimo kimoja. Rudia kwenye eneo la 3500 hadi 3800 ili uone mvuke unaongeza kiasi gani.

Skani zikiongezeka mara nne, kelele hupungua nusu: kutoka 16 hadi 64, kutoka 64 hadi 256. Baada ya hapo faida hufifia, maana hewa ndani ya mashine hubadilika ukiwa bado unasubiri. Kwa kidonge kitupu mimi hupendelea skani mara nne ya zile za sampuli, kwani hapo kelele yake inaongeza asilimia 12 tu juu ya kelele ya sampuli, badala ya asilimia 41 ambazo ungezipata skani zikiwa sawa.

Badilisha silika jeli ya mashine kabla haijapoteza rangi yake. Kama kuna naitrojeni kavu, ipitishe ndani muda wote. Kama haipo, pima kidonge kitupu kabla na baada ya kila sampuli.

Hatua ya 5: Andika modeli ya jinsi data ilivyozaliwa

Hapa ndipo kazi ilipo. Desturi ni kugeuza kila kitu kuwa ufyonzaji, yaani logi ya mwanga ulioingia kwa ule uliotoka, halafu kulinganisha mistari. Tatizo ni kwamba kelele ya detekta ya kawaida inayofanya kazi kwa joto la chumba huwa sawa kila mahali kwenye mwanga, wala si kwenye ufyonzaji. Tuseme mwanga wa kidonge kitupu ni 1 na kelele ni 0.001. Pale ambapo hakuna ufyonzaji, kelele ya ufyonzaji ni 0.0004. Ufyonzaji ukifika 1, mwanga uliobaki ni sehemu ya kumi tu, na kelele inakuwa 0.004, mara kumi zaidi. Kilele kirefu kina shaka kubwa kuliko bonde. Ukilinganisha kwenye ufyonzaji kwa σ moja, unampa shahidi aliyelewa sauti sawa na mwenye akili timamu.

Basi linganisha kwenye mwanga. Kwa kila nukta ya spektra andika hivi:

mwanga uliotarajiwa = mwanga wa kidonge kitupu × 10 kwa nguvu ya hasi A,

ambapo A ni jumla ya vitu vitano: k mara umbo la kaolinaiti kwa miligramu moja, g mara umbo la gibsaiti kwa miligramu moja, v mara umbo la mvuke, w mara kilima kipana cha maji ya kidonge, na mstari ulionyooka wenye kimo na mteremko wake. Kisha mwanga huo uliotarajiwa upitishwe kwenye umbo la mashine, lile lililotokana na ukato na kufifisha kingo, kabla ya kulinganishwa na data, isipokuwa pale maumbo yenyewe yamepimwa kwa mipangilio ileile na tayari yanalibeba.

Maumbo ya madini yatoke kwenye vidonge safi ulivyopima mwenyewe, kwa mashine ileile na mipangilio ileile. Umbo la mvuke lipate kwa kupima mashine tupu baada ya kufungua kifuniko kwa muda, ukilinganisha na mashine tupu iliyokaushwa.

Usiyafanye maumbo ya madini kuwa magumu kama chuma. Kaolinaiti ni vibamba vyembamba, na kidonge kinapokandamizwa vibamba hulala upande. Hapo uwiano wa kilele cha 3695 kwa kile cha 3620 hubadilika bila kiasi cha kaolinaiti kubadilika. Ndani ya udongo, kaolinaiti mara nyingi haina mpangilio mzuri kama ile safi ya dukani, na vilele vya 3669 na 3652 hufifia. Kwa hiyo ipe modeli ruhusa hii: kila kilele cha kaolinaiti kiwe na kizidishi chake karibu na 1. Ukiacha ruhusa hii, hesabu itakuambia kuna gibsaiti pale ambapo kuna kaolinaiti iliyolala tu.

Hatua ya 6: Sema unachojua kabla ya kutazama data

Kanuni yenyewe ni fupi. Thomas Bayes alifariki 1761, na andiko lake likachapishwa 1763 kwa juhudi za rafiki yake Richard Price. Laplace ndiye aliyelifanya kuwa chombo cha wanasayansi. Linasema: uwezekano wa baadaye wa parameta ni sawia na uwezekano wa awali mara laiklihudi, yaani uwezekano wa kuiona data hii kama parameta hizo zingekuwa kweli.

Jaribu kwanza kwa mkono. Tuseme vitabu na vidonge safi vinakuambia kilele kiko 3620, kwa shaka ya 2. Data yako peke yake inasema 3623, kwa shaka ya 1. Uzito wa kila upande ni moja gawanya kwa shaka ya kipeo cha pili: 0.25 kwa ya awali, 1 kwa data. Jibu la pamoja ni (0.25 × 3620 + 1 × 3623) ÷ 1.25, yaani 3622.4, na shaka yake ni kipeuo cha pili cha 1 ÷ 1.25, takriban 0.9. Data imevuta zaidi kwa kuwa ina uhakika zaidi. Hesabu ya parameta kumi na moja ni hii hii, ila tarakilishi ndiyo inayobeba mzigo.

Kwa tatizo letu mimi huandika hivi. Parameta k na g haziwezi kuwa chini ya sifuri, na jumla yake haiwezi kupita uzito wa mfinyanzi uliouweka kwenye kidonge, miligramu 1. Sharti hili pekee linafukuza majibu mengi ya kipuuzi ambayo njia ya kawaida ya miraba midogo kabisa (least squares) hukubali bila aibu. Kwa k, uwezekano ulio sawa kutoka 0 hadi 1. Kwa g, nusu ya mkunjo wa kengele unaoanzia sifuri wenye upana wa miligramu 0.1, maana yake ni kwamba nategemea gibsaiti kidogo lakini sijafunga mlango kwa nyingi. Kizidishi cha kila kilele cha kaolinaiti: 1, kwa shaka ya 0.15.

Parameta v ya mvuke ni tofauti. Inaweza kuwa hasi. Kama hewa ilikuwa na unyevu zaidi ulipopima kidonge kitupu kuliko ulipopima sampuli, mistari ya mvuke itatokea ikiwa imepinduka. Kwa hiyo mkunjo wake uwe wa pande zote mbili za sifuri. Ukiilazimisha kuwa chanya, kosa lake litahamia kwa g kimyakimya.

Kuna watu wanaoona uwezekano wa awali kama upendeleo. Naelewa wasiwasi huo, lakini kila njia ina mategemeo. Njia hii inakutaka uyaandike mahali ambapo msimamizi wako anaweza kuyaona na kuyapinga. Baada ya kumaliza, panua upana wa g kutoka 0.1 hadi 0.2, uendeshe tena. Jibu likihama sana, data yako haisemi vya kutosha, na hilo lenyewe ni la kuripoti.

Hatua ya 7: Laiklihudi na minyororo

Kelele ikiwa sawa na nukta zikijitegemea, laiklihudi ni rahisi: kwa kila nukta chukua data toa mwanga uliotarajiwa, gawa kwa σ, pandisha kipeo cha pili, jumlisha, na uchukue hasi nusu ya jumla. Hiyo ni logi ya laiklihudi. Iache σ nayo iwe parameta yenye uwezekano wa awali uliojengwa juu ya kipimo cha hatua ya 4, lakini hapo toa pia idadi ya nukta mara logi asilia ya σ. Kama umefifisha kingo, tumia jedwali la jinsi kelele za nukta jirani zinavyoshikana. Linapatikana moja kwa moja kutoka kwa kazi ya kufifisha uliyotumia. Usichukue ukubwa tupu wa spektra kwa kutupa awamu yake, kwani kelele huko huwa chanya daima na huvimbisha msingi. Acha programu isahihishe awamu kwa njia ya Mertz.

Aliye na subira anaweza kuruka spektra kabisa na kulinganisha modeli na interferogramu yenyewe. Edwin Jaynes alionyesha 1987 kwamba kwa wimbi moja tulivu ndani ya kelele nyeupe, mchoro wa nguvu ya Fourier unabeba kila kitu data inachoweza kusema kuhusu namba ya wimbi hilo. Mawimbi yakiwa mengi na yakikaribiana, mchoro huo hautoshi tena. Larry Bretthorst aliiendeleza kazi hiyo. Kwa vilele vipana vya madini tofauti ni ndogo. Kwa mistari ya gesi inafaa usumbufu.

Kuendesha minyororo ya Markov, yaani kuzurura kwa bahati nasibu kati ya majibu yanayowezekana, programu za Python na PyMC au Stan zinatosha, na zote ni za bure. Anayependa kitu chepesi atumie emcee. Kwa parameta 11 inahitaji watembezi (minyororo inayotembea pamoja) wasiopungua 22, na wakiwa mara mbili au tatu ya hao ni bora. Anzisha minyororo minne kutoka mahali tofauti. Hifadhi matokeo kwenye diski kila baada ya hatua elfu moja, stima ikipotea usirudi mwanzo.

Hatua ya 8: Kagua kabla ya kuamini

Anza na data ya bandia. Chagua g unayoijua, tengeneza spektra kutoka kwa modeli yako, ongeza kelele ya σ uliyopima, kisha ujifanye hujui g na uendeshe kila kitu. Fanya hivyo kwa spektra mia. Safu ya asilimia 90 inapaswa kuibeba g ya kweli katika takriban 90 kati ya hizo. Ikiibeba katika 60, kuna hitilafu kwenye hesabu, na ni afadhali uijue kabla udongo wa mtu haujaingia.

Kisha angalia minyororo. Kipimo cha R-kofia, kinachoonyesha kama minyororo imekubaliana, kwa kila parameta kisizidi 1.01, na idadi ya sampuli zinazojitegemea isipungue 400. Chora g dhidi ya kila parameta nyingine. Utaona g na kizidishi cha 3620 vikivutana: kimoja kikipanda kingine kinashuka. Huo ndio ukweli wa kile kiti kimoja, sasa unaonekana kwa picha, na kilele cha 3527 ndicho kinachozuia mvutano huo usiende mbali.

Mwisho, chora mabaki: data toa modeli, gawa kwa σ. Yanapaswa kuzunguka sifuri bila umbo. Meno membamba yanayofuatana kati ya 3600 na 3900 ni mvuke ambao haukulingana; mara nyingi umbo lake lilipimwa kwa utenganisho tofauti. Mawimbi ya kila cm⁻¹ 6 ni kidonge chenye nyuso sambamba. Kilima kimoja kipana ni mstari wa msingi uliopinda. Uongezee mstari huo kipengele cha kipeo cha pili. Nukta moja moja zinazoruka mbali zinaweza kustahimiliwa kwa kubadilisha mkunjo wa kelele uwe wa Student wenye mikia minene. Lakini usitumie mikia minene kufunika mabaki yenye umbo. Hayo ni sauti ya kitu halisi ulichokisahau kwenye modeli.

Hatua ya 9: Vidonge vitano, jibu moja

Kelele ya mashine kwa kawaida ndiyo ndogo kuliko shaka zote ulizo nazo. Kubwa ni ile ya kidonge na kidonge: kusaga hakulingani, mfinyanzi haukuchanganyika sawasawa, mizani ina kikomo. Tuseme kila kidonge kinakupa g kwa shaka ya miligramu 0.01, lakini majibu ya vidonge vitano yanatofautiana kwa mkengeuko wa 0.03 kwenye g zao za kweli. Anayetazama kelele ya mashine pekee ataandika shaka ya wastani kuwa 0.01 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 5, yaani 0.0045. Shaka ya haki ni kipeuo cha pili cha (0.0009 + 0.0001) ÷ 5, takriban 0.014. Tofauti ni mara tatu.

Kwa hiyo jenga ngazi mbili. Juu kuna μ, kiasi cha gibsaiti katika udongo wenyewe, na τ, tofauti kati ya vidonge. Chini kila kidonge kina g yake inayotoka kwenye mkunjo wa μ na τ. Endesha vidonge vyote kwa pamoja. Minyororo ikikwama τ inapokaribia sifuri, andika g ya kila kidonge kama μ + τ × z, na uiache z iwe ya mkunjo sanifu. Kizingiti hicho huondoka. Kwa vidonge vitano τ haitajulikana vizuri, na mikia ya μ itakuwa minene. Iache hivyo. Ukitaka iwe myembamba, saga vidonge zaidi. Skani zaidi hazitasaidia.

Hatua ya 10: Ipo au haipo?

Mara nyingine mshauri wa kilimo hataki kiasi, anataka jibu. Kuna njia fupi. Linganisha urefu wa mkunjo wa awali pale g ikiwa sifuri na urefu wa mkunjo wa baadaye palepale. Nusu ya kengele ya upana 0.1 ina urefu wa takriban 8 kwenye sifuri. Kama mkunjo wa baadaye una urefu wa 0.8 hapo, data imeongeza uzito wa "gibsaiti ipo" mara 10. Lakini ukichagua upana wa 0.2, urefu wa awali unashuka hadi 4, na uzito unakuwa karibu mara 5, data ikiwa ileile. Kwa sababu hiyo usitoe namba hii bila kutaja upana uliouchagua, na usiitoe peke yake kama unaweza kutoa mkunjo mzima.

Mkunjo wa baadaye ukiegemea sifuri, usiandike "haikuonekana". Andika kikomo cha juu: "gibsaiti ni chini ya miligramu [namba yako] kwa kila miligramu ya mfinyanzi, kwa uwezekano wa asilimia 95." Mtafiti atakayekuja baadaye anaweza kukitumia kikomo; neno "haikuonekana" halimpi chochote.

Ithibitishe njia yako kwa kuongeza gibsaiti safi ya uzito unaoujua kwenye mfinyanzi wa udongo uleule, kwa viwango vitatu au vinne, ukaone kama μ inapanda kwa kiasi kilekile.

Hatua ya 11: Kuripoti

Toa g ya wastani na safu ya asilimia 90, kwa miligramu na kwa asilimia ya mfinyanzi. Taja utenganisho, idadi ya skani, kazi ya kufifisha kingo, kama sifuri ziliongezwa, σ iliyopimwa, idadi ya vidonge, na kila uwezekano wa awali kwa sentensi moja. Weka mchoro wa mabaki. Hifadhi interferogramu ghafi za sampuli, vidonge vitupu na vidonge safi pamoja na programu uliyoandika, mahali ambapo mtu wa pili katika maabara anaweza kuzifungua bila kukuuliza. Jina la shamba liwe msimbo. Mahali pawe jina la wadi au kijiji na kina cha udongo, kwa mfano sentimita 0 hadi 20, ili anayepima fosforasi iliyonaswa kwenye udongo uleule aweze kuunganisha mkunjo wako wa g na wake moja kwa moja.